Mzizi kwa Kisanduku Kilichoungua

Gornja Vrbica, 4 Machi

Jagoda dada yangu,

Mwaka Mpya umepita bila wewe kunitukana hata mara moja, nikadhani umeokoka. Natumaini hujambo huko Ljubljana, na kwamba Waslovenia bado hawajakufundisha adabu.

Nina kazi yako. Kuna kisanduku hapa cha kusemea. Mtu asiye na sauti anabonyeza maneno, kisanduku kinayatamka. Kampuni iliyokitengeneza ilikufa zamani, hata mlango wake siku hizi ni duka la viatu. Mwezi wa kwanza umeme wa huku uliruka kikiwa kwenye chaji, ubao ukaungua. Nimeibandua chipu ya kumbukumbu kwa hewa moto na kuisoma yote, nakutumia nakala. Programu yenyewe ipo, na folda ya sauti ni nzima. Ila ile sehemu inayoifanya mashine iwake na kujitambua imekuwa uji.

Unanijua, mimi ni mtu wa solda, wa kuchomelea waya. Niletee redio iliyozama mtoni nitakurudishia ikiimba. Mambo ya mifumo ni yako tangu tulipokuwa tunakaa meza moja kiwandani. Nijengee mfumo mdogo, mdogo kabisa, niuwashe kwenye kompyuta yangu ya kawaida ndani ya kile kiigizaji chako kinachojifanya mashine nyingine, na programu hii ifanye kazi humo. Mteja anauhitaji kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Georgi, tarehe sita Mei.

Utaweza, au nimtafute kijana?

Vidoje


Ljubljana, 6 Machi

Vidoje,

Mtafute kijana, halafu mwezi wa sita uniletee uji wa pili.

Nimefungua nakala yako. Kazi hii naijua kama njia ya kwenda sokoni, kwa hiyo mwambie mteja wako alale usingizi. Nakueleza mapema ili usije ukasema umejenga wewe. Mashine ikiwaka, kinachoamka kwanza ni kiini. Kiini kina nguvu zote lakini hakina makazi. Kinatafuta mzizi, yaani ile folda ya juu kabisa ambayo mafaili mengine yote yako ndani yake. Kikiupata, kinaita programu moja, na hiyo ndiyo inawaamsha wenzake. Kisipoupata, kinalalamika mstari mmoja na kujifia.

Basi mimi nitatengeneza mzizi. Folda chache. Faili moja lenye majina mengi, ukiliita kwa jina hili linakuonyesha mafaili, kwa jina lile linanakili, kwa hiyo halichukui nafasi. Maktaba ambazo programu yako inazitegemea. Hati fupi ya kuwashia. Vyote pamoja havitazidi uzito wa picha ulizopiga kwenye harusi ya binti yako, zile ulizokata vichwa vya watu. Programu itaamka humo na haitajua kwamba imehama nyumba.

Maswali. Kwa nini huyo mteja asitumie simu? Simu za siku hizi zinatamka, tena vizuri. Na chipu kubwa kwenye ubao ulioungua imeandikwa nini? Nipigie Jumapili tuyamalize kwa mdomo. Nachoka kuandika.

Jagoda


Gornja Vrbica, 9 Machi

Jagoda,

Picha ya chipu hiyo hapo. Maandishi yameungua nusu, lakini wewe una macho ya mwewe.

Simu alijaribu. Mteja anaishi na baba yake, mzee wa miaka themanini na saba ambaye macho yamezimika kabisa tangu mwaka juzi. Aliposikia ile sauti ya simu aliuliza mtu wa benki ameingiaje ndani, akaomba apewe fimbo yake. Wakamweleza. Akasema sawa, nimeelewa, sasa mtoeni. Hataki kusikia kingine, anataka sauti ya kile kisanduku.

Mtandao wa mlimani kwetu ni wa kubahatisha. Tuandikiane tu.

Vidoje


Ljubljana, 17 Machi

Vidoje,

Kiini kimewaka. Mara ya kwanza kilikosa mzizi kikafa, kwa sababu nilisahau kukiambia diski iko wapi. Mara ya pili kiliupata mzizi lakini hakikupata programu ya kuiachia kazi, kwa sababu hati yangu sikuipa ruhusa ya kuendeshwa. Usicheke. Mara ya tatu nikapata mstari mtupu wenye alama ya kusubiri amri, nikaandika "onyesha", kikanionyesha folda zangu zote zimejipanga. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na bado mstari ule unanifurahisha kama mtoto amepiga hatua.

Kisha nikaita programu yako. Mashine ikajibu: faili halipo. Naliangalia, lipo. Nimelipa ruhusa, lipo. Naliita tena, halipo. Nimelitukana kwa Kiserbia, maana Kislovenia hakitoshi.

Sasa tuongee jambo lingine. Jumapili nilikupigia. Simu iliita vizuri, mtu akaipokea, nikasikia jogoo anawika na kiti kinasogezwa, nikasema "Vidoje, wewe punda, ongea", ikakatwa. Nikapiga tena, ikawa vilevile. Mtandao wa kubahatisha unaoleta jogoo safi namna ile sijawahi kuuona. Kama hutaki kuongea nami, sema hutaki.

Jagoda


Gornja Vrbica, 19 Machi

Jagoda,

Jogoo ni wa Stanojka, jirani. Ana sauti kubwa kuliko akili.

Sina neno nawe, usitafute ugomvi. Nilikuwa na kazi mikononi. Lile faili lililopo lakini halipo limenikosesha raha, niambie likikubali.

Vidoje


Ljubljana, 28 Machi

Vidoje,

Faili limekubali.

Lilikuwepo muda wote. Asiyekuwepo alikuwa mpakizi wake. Kila programu ya namna hii ina jina la programu nyingine ndogo ndani yake, ile inayoibeba hadi kwenye kumbukumbu na kuiunganisha na maktaba. Kiini kikimkosa mpakizi huyo kinasema "halipo", nawe unadhani kinazungumzia faili ulilonalo mbele ya macho. Nikamweka mpakizi, ikakataa tena, safari hii kwa sababu nyingine: programu yako ni ya zamani, inapitisha hesabu za desimali kwa mtindo ambao maktaba za leo zimeuacha. Nimelazimika kujenga maktaba upya kutoka kwenye matoleo ya miaka ile. Rafu yangu ya diski kuukuu, ambayo mume wangu amekuwa akitaka kuitupa tangu tuhamie hapa, imemnyamazisha.

Sasa programu inawaka, inatafuta kifaa cha sauti, hakikipati, inazima. Hilo ni dogo. Kiigizaji kinaweza kujifanya kina kadi ya sauti, ni suala la kuielekeza.

Namalizia kazi kwa sababu ya mzee kipofu. Lakini wewe nimekukasirikia. Nilipofiwa na mama nilikupigia, ukaniandikia barua, nzuri sana, niliilia. Lakini sikutaka barua. Tangu nihame Belgrade sijakusikia. Zamani ulikuwa huachi mtu aongee, ulikuwa unaimba hadi kwenye foleni ya mshahara. Nikajiambia, amekuwa mkubwa, amejenga nyumba, ana wateja, wa nini mimi.

Jagoda


Ljubljana, 2 Aprili

Vidoje,

Leo asubuhi kadi ya sauti ilikubali. Mume wangu alikuwa anakaanga mayai. Programu ikawaka, ikasoma folda ya sauti, na kabla sijaandika neno lolote ikatamka salamu iliyowekwa na mwenyewe: "Haya, mimi niko tayari. Nyie mko tayari?"

Mayai yameungua. Mume wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza, "Vidoje amekuja lini?"

Nilikaa chini. Nikaizima mashine nzima, nikaiwasha upya, kikaamka kiini, ukaamka mzizi, ukaamka wewe. Niko tayari, nyie mko tayari.

Sauti yako ile ile, ya kujisifu.

Niandikie. Safari hii ukweli.

J.


Gornja Vrbica, 3 Aprili

Jagoda dada yangu,

Ukweli ni mfupi. Ulipohama, mwaka uliofuata sauti ilianza kunikwaruza nikiongea. Nikadhani ni sigara. Ilikuwa uvimbe kwenye koo. Daktari alisema ama sanduku la sauti la kooni litolewe, au nitolewe mimi. Nikachagua. Walinipa wiki chache za kujiandaa, na wakati huo ndipo nilipojifungia chumbani nikasoma sentensi mbele ya maikrofoni, mamia ya sentensi za ajabu ajabu, ili ile kampuni ikate sauti yangu vipande na kuniundia kisanduku. Tangu hapo napumulia tundu shingoni, nimevaa kitambaa, na nimezoea. Usinihurumie. Nakula, nakunywa, natengeneza redio za bonde zima.

Kwa nini sikukuambia? Watu wote waliojua walibadilika. Waliniandikia kwa sauti ya chini, kama wanaingia kanisani. Wewe hukujua, ukaendelea kuniita punda. Nilitaka mtu mmoja abaki hivyo. Barua yako ya mwezi wa tatu nimeisoma nikaona kwamba nilikuwa naitunza furaha yangu kwa hasara yako. Hilo silirudii.

Na ule mwito wa Jumapili, mimi ndiye niliyepokea. Nilikuwa nakusikiliza.

Sasa sikia lililonisukuma. Kisanduku kilipoungua, mimi na baba tulibaki nyumba moja, yeye haoni nilichoandika, mimi siwezi kusema. Binti yangu yuko Toronto. Aliyekuwa katikati yetu ni Stanojka. Naandika kwenye karatasi, anamsomea baba. Stanojka ana moyo wa asali, na hiyo ndiyo shida. Mimi naandika, "Baba, miti ya plamu ya shamba la juu ina ugonjwa, tuing'oe, umekuwa king'ang'anizi mno." Yeye anasoma, "Vidoje anasema, baba, plamu tufanye utakavyo wewe." Nampungia mikono, ananikonyeza. Anaona anatuletea amani.

Sasa baba amesema siku ya Mtakatifu Georgi anataka kunikabidhi sikukuu ya ukoo. Mkate, mshumaa, kila kitu, niwe mimi mwenye nyumba mbele ya wageni. Mwenye nyumba lazima aitike kwa mdomo wake. Ningeweza kumwachia Stanojka aitike kwa niaba yangu. Nikaona heri nichome kidole kwenye solda, nikaanza kubandua chipu.

Basi ndiyo hivyo. Nitumie sauti yangu.

Vidoje


Ljubljana, 5 Aprili

Vidoje, punda,

Nimelia, nimemaliza, sasa tufanye kazi.

Nakutumia faili tatu: kiini, mzizi, na hati ya kuwashia kiigizaji. Ziweke folda moja, bonyeza ile ya tatu, kaa kando. Nilikuwa nimeacha zana zangu za kuchunguzia ndani ya mzizi, nimezitoa zote. Nimetoa pia kila kisichohitajika ili uamke haraka, kwa sababu mtu anayejibishana na baba yake hawezi kumwambia asubiri mashine iwake. Sasa unaamka kabla kahawa haijachemka.

Nikuulize mara moja tu, nisiulize tena. Unataka niirekebishe sauti, niizeeshe kidogo? Ni ya mtu wa miaka arobaini na kitu.

Jagoda


Gornja Vrbica, 10 Aprili

Jagoda,

Iache. Mwenye kuzeeka nitakuwa mimi, inatosha.

Inawaka. Nilifunga mlango wa karakana nikaandika jina langu, likatoka. Halafu nikaandika sentensi ndefu, ikaanza kukatikakatika, kama mtu anaongea huku anapita barabara ya mashimo. Kompyuta yangu ni kongwe, sijui kama ndiyo inashindwa. Baba asisikie hivi. Akisikia mara moja sauti yangu imekatika, atadhani nakata roho.

Vidoje


Ljubljana, 12 Aprili

Vidoje,

Kompyuta yako haishindwi, mimi ndiye niliyeipa kadi ya sauti ndoo ndogo. Kiigizaji kinajaza sauti kwenye ndoo, kadi inaimwaga, na ndoo ikiisha kabla haijajazwa unasikia shimo. Nimeweka ndoo kubwa zaidi. Utachelewa kutamka kwa nukta moja, ambayo itakusaidia kufikiri kabla ya kusema, jambo ambalo hukuwahi kulijaribu.

Badilisha ile hati ya tatu tu. Nimeijaribu kwa kuisomesha katiba ya Slovenia yote. Haikukatika. Mume wangu anasema umekuwa mzalendo.

Jagoda


Gornja Vrbica, 8 Mei

Jagoda dada yangu,

Nakuandikia nikiwa bado na harufu ya kondoo wa kuchoma nguoni.

Sikumwambia baba chochote mapema. Wageni walikaa, padri akasoma, ngano ya kuchemsha ya sikukuu ikapita mkono kwa mkono. Kompyuta niliiweka mezani kati ya chupa ya rakija, ile pombe kali ya plamu, na sahani ya jibini, imeshawaka, imenyamaza. Ile salamu ya kujisifu niliizima, nisije nikamwanza baba kwa majivuno. Baba akasimama, amevaa koti lake jeusi, akaushika mkate kwa mikono miwili na kusema, "Nimeibeba sikukuu hii tangu baba yangu aliponipa. Sasa nampa mwanangu Vidoje." Kisha akageuza uso upande wa Stanojka, akisubiri aniitikie, kwa sababu ndivyo tulivyoishi tangu mwezi wa kwanza.

Nikaandika. Ikatoka, safi, bila shimo: "Baba, ni mimi. Nipe mkate."

Baba hakutikisika. Akaweka mkate chini, akanyoosha mkono kuelekea sauti ilikotoka, akaigusa kompyuta, akapapasa ukingo wake. Kisha akanitafuta mimi. Akaweka kiganja shingoni kwangu, juu ya kitambaa.

"Huku hakutetemeki," akasema.

"Hapana, baba. Sauti iko kwenye mashine, kama ilivyokuwa kwenye kisanduku. Ni yangu ya zamani. Maneno ndiyo ya leo."

"Mtu yeyote anaweza kuandika maneno."

"Anaweza."

Akafikiri. Padri alikuwa ameshika glasi ya divai hewani, hajui ainywe au aishushe. Baba akauliza, "Plamu za juu tuzifanyeje?"

"Tuzing'oe zote. Zina ugonjwa, na wewe unajua zina ugonjwa. Tupande rasiberi."

Baba akashusha pumzi ndefu, akawageukia wageni. "Ni yeye," akasema.

Walicheka wote, padri akanywa. Lakini baba hakucheka, alikuwa ameshapandwa na hasira. Aliniuliza nani amenipa ruhusa ya kugusa miti ya babu yake. Nikamjibu kwamba babu yake angekuwa wa kwanza kushika shoka. Akaniita mharibifu. Nikamwita king'ang'anizi mbele ya padri. Akasema, "Mbona mwezi wa pili ulisema tufanye nitakavyo mimi?" Nikaandika, "Sijawahi kusema hivyo maishani mwangu." Stanojka akainuka kwenda jikoni kumwangalia kondoo, na kondoo alikuwa mezani tangu saa sita.

Tulivunja mkate pamoja katikati ya ugomvi, mshumaa unawaka, mkono wake juu ya wangu. Tumegombana hadi wageni wakaanza kutafuta makoti yao. Sijapata siku nzuri kama hiyo kwa miaka.

Leo nilikupigia, ukasema "halo, halo", mashine ikakujibu, ukaangusha simu. Imepasuka? Nitakutengenezea.

Baba anataka kukuandikia. Nitaandika anavyosema, nimemwahidi sitabadilisha neno.

Vidoje


Gornja Vrbica, 9 Mei

Mwanangu Jagoda,

Mimi ni Milisav, baba yake Vidoje. Naambiwa ni wewe uliyemjengea mashine ya kuwasha mashine nyingine ambayo haipo. Sikuelewa, lakini nimesikia kazi yake. Mungu akuzidishie.

Ana ile sauti ya enzi za nywele zake. Anaongea sana. Jana ameniamsha nikiwa nimesinzia ili aniambie kwamba nilikosea mwaka ule tulipouza ng'ombe mwekundu. Nilikuwa sahihi, na nimemwambia hivyo.

Plamu tutang'oa robo. (Tulikubaliana nusu. V.) Asiingilie barua yangu. Robo.

Njoo na mumeo wakati wa mavuno, mlale hapa, mle, mtuamulie.

Neno moja zaidi, kisha nakuacha. Majira ya baridi mwanangu alikuwa mpole. Kila nilichosema, Stanojka ananiletea jibu kwamba Vidoje amekubali. Nimemlea, namjua, hajawahi kukubali kitu. Nikajua anaumwa na wananificha. Nikawa nalala macho wazi, ingawa kwangu ni mamoja, nasikiliza ukutani kama bado anapumua. Sasa nalala.

Milisav